UZI: Kuku wa nyumbani Arusha na Moshi. Tuchanje mtaa mzima kabla ya Desemba, si kila mtu na banda lake

Tetea wa Moshono (mleta uzi)

Salamu wakuu. Uzi huu ni wetu sisi wenye kuku kumi, thelathini, hamsini nyuma ya nyumba. Wenye maelfu wana madaktari wao, ila wakija kutuongezea ujuzi tutashukuru.

Nauleta Oktoba kwa makusudi. Desemba ikiingia, kuku wa kanda hii wanasafiri kuliko mwezi mwingine wowote. Watu wanapanda Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Jogoo anafungwa miguu, anaingizwa kwenye Coaster; mwingine ananunuliwa soko la Kilombero au gulio la Tengeru asubuhi, na jioni anadonoa pamoja na kuku wa bibi kwenye kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Si wote wanaochinjwa siku hiyohiyo, wengine wanabaki. Wiki mbili hazipiti, utasikia nyumba ya chini wanazika, ya juu wanazika.

Mdondo, au kideri kama wengi tunavyouita, hauna dawa. Ni virusi. Ukiona kuku amejikunyata, manyoya yamesimama, anahara kijani, anapumua mdomo wazi, na anayechelewa kufa shingo inampinda au anaburuta bawa na mguu, hapo hakuna sindano wala unga wa kumrudisha. Kwenye banda ambalo halijachanjwa unaweza kufagia karibu wote. Tulichonacho ni chanjo, nayo ni rahisi na tunaitengeneza hapa nchini: chanjo ya matone ya I-2 hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Inavumilia joto kuliko LaSota, chanjo nyingine ya mdondo, ndiyo maana inafaa vijijini kusiko na friji.

Sasa kwa nini watu hawachanji? Mimi naona sababu kubwa ni chupa. Chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, na ikishachanganywa huiweki mpaka wiki ijayo. Mama mwenye matetea kumi na mbili anaona anamwaga hela, anaacha. Jirani yake mwenye ishirini naye anaacha. Na kuku wetu hawajui mipaka ya viwanja, wa kwangu anashinda kwako, wa kwako anataga kwenye migomba yangu. Ukichanja peke yako, kuku wakubwa wako watakuwa salama, lakini kila vifaranga wapya wakianguliwa wanakuta ugonjwa uko palepale mlangoni.

Ndiyo maana naomba tulichukulie hili kama kazi ya mtaa. Kaya nane au kumi mchange chupa moja, mpange siku moja. Jioni kuku walale ndani, asubuhi wasifunguliwe mpaka mchanjaji apite. Mmoja anashika kuku, anamlaza kichwa ubavu, mwingine anadondosha tone moja kwenye jicho moja. Subiri apepese, tone liingie, ndipo umwachie. Tone moja kwa kila kuku, awe kifaranga au jogoo mzee. Chupa ikae kivulini kwenye ubaridi, isishikwe mkononi juani. Rudieni kila baada ya miezi mitatu.

Kinga inahitaji kati ya wiki moja na mbili kukaa sawa. Kwa hiyo anayechanja tarehe 23 Desemba, jogoo wa ugenini akiwa tayari uani, kachelewa. Tuchanje wiki ya kwanza ya Novemba. Na wachanjwe wazima tu. Kuku aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimwokoi, halafu watu wanasema chanjo ndiyo imeua.

Kijana wa Kwa Mrombo

Dada Tetea, asante sana kwa uzi. Mimi nina vifaranga chotara wa wiki nne. Tangu juzi wanahara, na kinyesi kina damu. Wamejikusanya kona moja, mabawa yamelegea. Duka la dawa za mifugo nimepewa unga wa njano wa antibayotiki na vitamini, niwape vyote kwa pamoja. Je, ni mdondo huu?

Tetea wa Moshono (mleta uzi)

Pole mdogo wangu. Damu kwenye kinyesi, umri wa wiki tatu hadi sita, na kama nahisi vizuri maranda yako yameloa hasa kuzunguka vyombo vya maji. Hiyo inafanana sana na kuhara damu, koksidiosisi. Anayeisababisha si virusi wala bakteria, ni kijidudu cha utumbo. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yakikuta unyevu na joto yanakomaa ndani ya siku moja mbili tu, kifaranga anadonoa, mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo antibayotiki ya kawaida uliyopewa inaweza isiguse kabisa.

Ulizia amprolium, au dawa ya salfa ukishauriwa na daktari. Pima kwa kibandiko cha pakiti, na maji yenye dawa yawe ndiyo maji pekee bandani. Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi: amprolium inafanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1. Ukiwapa vitamini hizo siku zilezile, unamlisha unayetaka kumuua. Vitamini zisubiri dozi iishe.

Na leo hiihii toa maranda yote mabichi. Usiishie kuweka makavu juu. Inua vyombo vya maji vifike usawa wa mgongo wa kifaranga ili wasimwage wala wasikanyage. Dawa nyingi za kusafishia banda hazivunji ganda la hayo mayai, kwa hiyo ukavu ndio silaha yako kuu. Mliopo Moshi mna bahati ya pumba za mpunga kutoka mashamba ya Mabogini na Chekereni, zinakauka vizuri. Huku kwetu tunategemea maranda ya mafundi seremala. Angalia yasiwe ya mbao iliyopakwa dawa.

Ila kama kinyesi kinageuka cheupe cha majimaji, vifaranga wanajidonoa nyuma na vifo vinapanda ghafla siku tatu nne kisha vinashuka, hiyo ni habari nyingine, huenda ni Gumboro. Nayo ni virusi, inashambulia kinga ya kifaranga mwenyewe, na umri wake ni huohuo. Usikisie. Kifaranga akifa mpeleke apasuliwe. Wenye kuhara damu utaviona vile viutumbo viwili vilivyofungwa mwisho vimejaa damu. Wa Gumboro mara nyingi nyama ya paja ina madoa ya damu.

Mama wa Kibosho

Mwanangu Tetea, nakupongeza. Lakini msidharau za wazee. Mimi kuku wangu nawapa maji ya shubiri na pilipili kichaa tangu nimeolewa, na mdondo unapita kwa majirani mimi nabaki na wangu. Mwarobaini nao tunao. Hizo chanjo zenu mwaka juzi walichanja nyumba ya jirani, kesho yake kuku wakaanza kufa.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama yangu wa Kibosho, heshima yako. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi kwenye miteremko hiyo, na shubiri nimeikuta karibu kila nyumba. Sitakuambia uimwage. Lakini nitakuwa nakukosea nikikubali kwamba inazuia mdondo. Haizuii. Kuku wako wanaobaki yawezekana waliwahi kuugua kidogo wakapona na kinga, au kihamba chako kimejitenga. Siku kitakapoingia kirusi kikali hutakuwa na muda wa kutwanga pilipili.

Na hao wa jirani waliokufa kesho yake: kuku haambukizwi na I-2 akafa usiku mmoja. Mdondo unakaa mwilini siku kadhaa, mara nyingi tano au sita, kabla ya dalili. Walichanjwa wakiwa nao tayari. Tena pengine mchanjaji alipita kwanza nyumba yenye ugonjwa, akaja na viatu na mikono ileile. Hili la mchanjaji nalitilia mkazo. Aanze nyumba zenye kuku wazima, anawe kila nyumba, na nyumba yenye wagonjwa aiache kabisa.

Majivu ya jikoni, hayo mama endelea nayo. Yachanganye na udongo mkavu kwenye shimo la kivulini kuku waoge, yanapunguza chawa na viroboto. Utitiri ule mwekundu ni tofauti, mchana unajificha kwenye nyufa za mbao, usiku ndio unapanda kunyonya. Kuku wanapauka upanga, yaani kile kishungi chekundu cha kichwani, na kupunguza mayai, wewe unatafuta ugonjwa mkubwa. Ingia bandani usiku na tochi, chungulia chini ya vijiti wanavyolalia.

Niongeze la antibayotiki, maana linaniumiza. Kuku akikohoa, oksitetrasaiklini. Akihara, oksitetrasaiklini. Akizubaa, ileile. Kwa mdondo, Gumboro na ndui haifanyi kitu, kwa sababu ni virusi. Inabaki kwenye mayai na nyama ambayo watoto wenu wanakula, na vijidudu vinaizoea, siku unapoihitaji kweli haikusaidii. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla mayai hayajaliwa wala kuuzwa. Zimeandikwa kwenye kibandiko, zisome hata kama muuzaji hakukutajia.

Kuhusu kupasua: TVLA wana kituo Arusha. Kuku aliyekufa apelekwe siku hiyohiyo, ndani ya mifuko miwili, akiwa kwenye barafu. Usimgandishe kwenye friza, nyama inaharibika na kuvuruga vipimo. Ukiweza kumpeleka mgonjwa aliye hai ni bora zaidi. Kama huko ni mbali, afisa mifugo wa kata anaweza kumfungua akakupa mwelekeo. Ini lililovimba lenye rangi ya shaba ya kijani, kwa mfano, linatupeleka kwenye homa ya matumbo ya kuku. Huo ni wa bakteria na una tiba, lakini tetea aliyepona anaweza kuubeba na kuupitisha kwenye mayai. Mayai yake msiyaatamishe.

Mangi wa Pasua

Shikamoo mzee. Huku Moshi mjini joto na mbu, tatizo langu ni ndui. Vinundu vyeusi kwenye upanga na kope, vifaranga wanashindwa kuona chakula. Wengine mdomoni wanaota utando wa njano. Nimekuwa nabandua na kupaka chumvi. Nafanya sawa?

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba mangi. Usibandue, unafungua vidonda na kutawanya virusi kwa wenzake. Mbu anaubeba kutoka kuku hadi kuku, ndiyo maana mvua zikiisha na madimbwi yakibaki unawaona wengi. Osha macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, paka ayodini kwenye vinundu, mpe chakula na maji mahali anapofikia bila kupapasa. Wa vinundu vya nje wengi wanapona wenyewe wiki tatu nne. Wa utando wa mdomoni na kooni hali yao ni nzito, wanakabwa. Chanjo yake ni ya kuchoma kwenye ngozi nyembamba ya bawa, wiki ya sita hadi ya nane, mara moja. Baada ya siku saba hivi angalia palipochomwa, kama pameota kakipele imeshika. Fukia madimbwi, mwaga maji ya kwenye matairi.

Tetea wa Moshono (mleta uzi)

Mzee umetufaa sana. Nirudi kwenye jambo la kuku mgeni, maana ndilo linaloniuma Desemba hii.

Kuku mpya asiingie bandani siku aliyofika, hata kama amenona na upanga mwekundu. Mtenge wiki mbili, zikiwa tatu ni bora zaidi, mbali na wenzake, chombo chake cha maji peke yake, na uwahudumie wa zamani kwanza, mgeni mwisho. Mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba na kamasi zenye harufu mbaya, na ule mkoromo wa maikoplazma, bakteria wa njia ya hewa, vyote vinabebwa na kuku anayeonekana amepona. Sokoni ananunuliwa kama mzima.

Jogoo wa sikukuu, kama ni wa kuchinja, achinjwe. Manyoya na utumbo vifukiwe, msiwarushie kuku wala mbwa. Kuku uliyempeleka sokoni akakosa mnunuzi naye ni mgeni akirudi. Trei za mayai za kuazimana, gunia la chakula lililotoka banda la mtu, viatu vya mnunuzi anayezunguka nyumba hadi nyumba, vyote hivyo vina njia ya kuingiza ugonjwa. Mimi mnunuzi anasubiri getini, kuku namletea. Ndala za bandani hazitoki bandani. Beseni la dawa mlangoni linasaidia, lakini kama limejaa tope na kinyesi dawa haina nguvu tena. Sugua kiatu kwanza ndipo ukanyage.

Baridi ya Juni na Julai hapa Arusha inatufanya tuzibe banda kila upande kwa sandarusi. Hapo ndipo mafua yanapopata nyumba. Ukiingia alfajiri macho yakakuwasha, hewa hiyo inaunguza koo la kuku usiku kucha. Ziba chini, usawa wa kuku, acha nafasi juu ya vichwa vyao hewa itoke. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Wakilundikana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni huku wanahema ni joto. Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua vifaranga na linaua mtu. Naomba hili lisipite kama la kawaida.

Binti Sakina

Mimi nina kuku hamsini wa mayai, nimeambiwa LaSota ya kwenye maji ndiyo rahisi. Natumia maji ya bomba. Niliwapa, ila mdondo ulinipitia. Chanjo ilikuwa feki?

Bwana Mifugo Mstaafu

Inawezekana ilikufa kabla ya kufika mdomoni, binti. Maji ya bomba yana klorini, nayo inaua virusi vya chanjo. Tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, au bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi usiku kucha, kisha uongeze maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama kijiko cha chai kwa lita. Vyombo vioshwe bila sabuni wala dawa. Alfajiri waondolee maji kwa muda wa saa moja au mawili wapate kiu, kisha uweke maji ya chanjo ya kutosha kumalizika ndani ya saa mbili. Vyombo viwe vingi ili wanyonge nao wanywe, maana kuku hamsini kwenye chombo kimoja wababe watakunywa na kumi hawatagusa. LaSota inataka friji kuanzia dukani mpaka kwako. Ukiona muuzaji anaichomoa kwenye rafu, usinunue. Kwa kuku hamsini, mimi ningeshika matone ya jicho. Ni kazi zaidi, lakini unajua kila mmoja amepata.

Kijana wa Kwa Mrombo

Mrejesho: afisa mifugo amefungua wawili, ni kuhara damu kama dada alivyosema. Niko kwenye amprolium, vitamini nimeweka pembeni, maranda nimetoa yote. Leo wanakula. Swali la mwisho, waliokufa nimewaweka kwenye kiroba. Kuna mtu ameniomba akapikie mbwa.

Tetea wa Moshono (mleta uzi)

Usimpe mdogo wangu. Chimba shimo refu mbali na kisima, weka chokaa, fukia. Au choma mpaka wawe majivu. Wasitupwe mto Themi wala Naura, walio chini ya mto wanafuga pia na wanakunywa. Na maranda uliyotoa yafukie au yarundike mbali yaive vizuri kabla ya kuyapeleka bustanini.

Tena kwa wote: kuku wakianza kufa wengi ghafla, usiwauze kwa bei ya kutupa. Hapo unahamishia msiba nyumba ya mwenzako. Funga banda, piga simu kwa afisa mifugo. Mafua makali ya ndege, H5N1, mwanzoni yanaweza kufanana kabisa na mdondo, na hayo yanampata hata binadamu. Usimchinje wala kumnyonyoa kuku uliyemkuta amekufa.

Sasa tupange. Wa Moshono na Kijenge tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba, asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Andikeni idadi ya kuku pamoja na vifaranga ili tujue chupa ngapi.

Mama wa Kibosho

Mwanangu, nimeongea na wenzangu wa jumuiya baada ya kusoma ya mzee. Tuko kaya tisa, kuku kama mia na arobaini. Tunajaribu hayo matone. Shubiri yangu nabaki nayo. Lakini huku kwetu hakuna wa kutuonyesha kushika hilo jicho, na kasha la barafu hatuna.

Bwana Mifugo Mstaafu

Kasha ninalo mama, na kupanda Kibosho bado naweza. Chagueni siku ambayo si ya gulio, watu wawe nyumbani, na vijana wawili wa kukamata kuku. Tutaanza nyumba ya juu kabisa tukishuka. Yeyote ambaye kuku wake wameanza kuzubaa wiki hiyo aseme mapema, tumwache mpaka tujue wana nini.

Mangi wa Pasua

Pasua na Njoro nao tupo, kaya sita mpaka sasa. Chupa tunanunua Jumatatu, friji ipo kwangu.